Kipimo cha Mwisho cha Mto Ruvu

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Tuseme ukurasa wa wavuti unaonyesha kina chake, vipimo vikiwa vimepangwa kwa saa katika safu moja iitwayo vipimo. Wakati wa masika, mkazi wa bondeni hatafuti kipimo cha kwanza. Anataka cha mwisho. Lugha ya programu ya JavaScript, inayoendesha ukurasa huo, huhesabu kuanzia 0, hivyo vipimo 24 huishia namba 23, na kwa miaka mingi ilibidi kuandika vipimo[vipimo.length - 1]. Ukisahau kutoa hiyo moja, unapata undefined, yaani patupu. Tangu toleo la lugha hiyo la 2022, vipimo.at(-1) inatosha, vipimo.at(-2) huleta cha kabla yake, ukajua kama maji yanapanda.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba vivinjari vya zamani havijui at. Hoja hiyo ina uzito, maana simu kuukuu bado zinatumika. Lakini dawa ni kuongeza kipande kifupi cha programu cha kuziba pengo, si kung'ang'ania hesabu inayokosewa kirahisi. Safu ikiwa tupu, njia zote mbili hurudisha undefined, kwa hiyo ukurasa useme wazi kwamba kipimo hakijafika, usionyeshe sifuri.