Kitabu Kilifika Kila Mahali, Pesa Haikufika

Mwaka jana kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kiliandika kitabu. Si kitabu kikubwa, ni kurasa 46 tu juu ya kufuga kuku wa kienyeji: jinsi ya kujenga kibanda, kuchanganya chakula, kuwakinga vifaranga na baridi, na kuchanja kuku dhidi ya kideri. Mama mmoja aliyestaafu ualimu ndiye aliyeshika kalamu, wenzake kumi wakasimulia. Kijana wa saiba mjini akapiga chapa, akapanga picha, akatoa faili la PDF ambalo mtu anaweza kulisoma kwa simu. Kazi yote iligharimu shilingi 24,000. Pesa hizo zilitoka katika mfuko wao wa kukopeshana. Yaani walijikopa wenyewe.

Bei wakaweka shilingi 200. Anayetaka kitabu analipa kwa M-Pesa, kisha anatumiwa faili kwa WhatsApp. Hesabu ilikuwa rahisi: wakiuza nakala 120 mkopo umerudi, hapo hatujahesabu riba. Waliuza 37. Baadaye simu ya mweka hazina ikanyamaza kabisa. Akina mama wakafikiri labda watu hawana haja na kuku.

Kumbe sivyo. Siku moja mwenyekiti alihudhuria semina katika parokia nyingine, akakuta karibu kila mtu anacho kile kitabu katika simu yake. Walimpongeza sana. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia kuku wake wameacha kufa tangu akisome. Mwenyekiti alimwuliza alikinunua kwa nani. Akajibiwa, "Kununua? Si hiki kinatumwa tu?"

Tuna aibu kuongeza jambo hili. Tulipofuatilia faili lilivyosafiri, tuliona kwamba mmoja wa waliolisambaza ni ofisi yetu wenyewe. Tulinunua nakala moja, halali kabisa, halafu tukaituma katika kundi la viongozi wa vikundi lenye watu 180, na maneno ya kuwahimiza wasome. Tulidhani tunawatangaza akina mama. Kwa hiyo wasomaji wetu, makala hii haiandikwi na hakimu. Inaandikwa na mshtakiwa.

FAILI SI JEMBE

Ukimwazima jirani jembe, wewe hulimi siku hiyo. Ukimwazima kitabu cha karatasi, rafu yako inabaki wazi mpaka akirudishe, na mara nyingi harudishi. Hata mwenye kukitoa fotokopi analipa kila ukurasa na anachoka. Faili haliko hivyo. Ukilituma linabaki kwako na linakuwa kwa mwingine pia, zima, safi, bila ukurasa uliofifia. Sisi tulibonyeza mara moja na nakala 1 ikawa 180. Hatukuhisi kwamba tumechukua chochote cha mtu kwa sababu hakuna kilichopungua machoni petu. Kilichopungua kilikuwa katika daftari la mweka hazina, na sisi hatukuwa tunalitazama daftari hilo.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na si kwa nia mbaya. Mtu ambaye hawezi kugusa kuku wa jirani atasambaza kitabu cha jirani na kujiona mkarimu. Amri ya Saba tunaijua tangu katekisimu, lakini tulifundishwa kwa mifano ya mbuzi na mahindi.

SHERIA INASEMA NINI

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo ilianza kutumika 2003. Chombo kinachoisimamia ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, wengi huiita KECOBO. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 40, inaitaka Serikali ilinde mali ya ubunifu ya wananchi.

Jambo la kwanza ambalo vikundi vingi havijui ni kwamba haki hii haingoji cheti. Inaanza pale kazi inapoandikwa, kwenye karatasi au kwenye kompyuta, mradi iwe ni jasho la mwandishi mwenyewe. Kuandikisha KECOBO si lazima. Lakini tunashauri muandikishe, kwa kuwa siku ya ubishi cheti ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Haki inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Walioandika pamoja wanahesabiwa kutoka kifo cha yule wa mwisho. Kwa hiyo kitabu cha kuku kinaweza kuwafaa wajukuu.

Jambo la pili: aliyelipa shilingi 200 amenunua ruhusa ya kusoma, hakununua ruhusa ya kutoa nakala na kuwagawia wengine. Sheria inamwachia nafasi fulani. Anaweza kukitumia kwa haki katika masomo yake binafsi au utafiti. Anaweza kutaja sehemu anapokichambua au kukikosoa, mradi aseme kimetoka wapi. Kukituma chote kwa watu 180 hakumo katika nafasi hiyo, hata kama hukupokea senti.

Jambo la tatu lilitutia akina mama na sisi katika mjadala mrefu. Sheria hailindi ujuzi wenyewe. Inalinda jinsi ulivyoandikwa. Mtu akisoma kitabu cha kuku, akaelewa, akaenda kufundisha kijijini kwake namna ya kuchanganya chakula, hajaiba. Akiandika kitabu chake cha kuku kwa maneno yake, hajaiba. Mama mmoja hakufurahi kusikia hivyo, alisema mchanganyiko ule ni wa mama yake. Tulimwelewa. Lakini tukikataa hilo, basi hata sisi tusingeweza kufundisha chochote tulichosomea.

Na katika kupekua kitabu chenyewe tukaona picha nne ambazo kijana wa saiba alizitoa kwenye intaneti bila kuuliza. Kikundi kilikuwa kinalalamika juu ya wizi na humo humo ndani kimebeba mali ya mtu mwingine! Picha zikaondolewa. Sasa kuna picha za kuku wa kikundi, si nzuri sana, lakini ni wao.

JE, KUFULI ITASAIDIA?

Swali la kwanza tuliloulizwa na akina mama ni kama faili linaweza kufungwa. Jibu ni ndiyo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka neno la siri kwenye PDF. Hiyo haina nguvu, maana anayetuma faili atatuma na neno la siri chini yake. Ya pili ndiyo inayotumiwa na maduka makubwa ya vitabu vya kielektroniki. Maandishi yanavurugwa kwa hesabu za kompyuta yasisomeke, na ufunguo wa kuyapanga unabaki kwa muuzaji. Ukilipa, programu katika simu yako inaomba ufunguo, na kitabu kinafunguka kwenye simu hiyo tu. Ukikihamisha kwa simu ya mwenzako kinabaki takataka. Sheria yetu inakataza kuvunja kufuli za namna hii.

Lakini hata hizo huvunjwa. Mwezi wa Machi 2000 mwandishi maarufu wa Marekani, Stephen King, alitoa hadithi iliyouzwa kwa njia ya kompyuta tu, imefungwa vizuri. Siku ya kwanza peke yake zilichukuliwa nakala zaidi ya 400,000. Katika siku chache kufuli lilikuwa limevunjwa na nakala za bure zimezagaa. Ikiwa kampuni kubwa ilishindwa, kikundi cha akina mama kumi na mmoja kitaweza?

Tena kufuli linaweza kumfungia nje mwenye mali halali. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka vifaa vya wateja waliokuwa wamekwisha kulipa, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Pesa walirudishiwa, lakini walilala na kitabu wakaamka bila kitabu. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Hapo pia pesa zilirudishwa. Fikiria mtu wa kwetu anayebadilisha simu kila ikianguka majini.

Wapo pia ndugu zetu wasioona. Simu nyingi siku hizi zinaweza kusoma maandishi kwa sauti, lakini kitabu kilichofungwa vibaya kinaizuia simu kusoma. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliuridhia 2017, uliwekwa ili vitabu viweze kutengenezwa kwa njia inayowafaa wasioona bila kwanza kumwomba mwenye haki. Kitabu cha kuku kina wasomaji wawili wa aina hiyo, mmoja ni mzee mwenye mtoto wa jicho. Sisi tulisema wazi: kufuli linalomzuia mzee yule tusiliweke.

WALICHOFANYA

Kwanza walikaa chini wakaandika kitabu ni cha nani. Hili lilichukua mikutano miwili na lilikuwa gumu kuliko kazi yote ya kompyuta. Mwalimu alisema yeye ndiye aliyeandika. Wengine wakasema bila masimulizi yao angeandika nini? Mwishowe walikubaliana kwamba kitabu ni cha kikundi, jina la mwalimu litaandikwa kama mwandishi, na atapata sehemu ya kumi ya mapato. Mwalimu akatia sahihi kukihamishia kikundi haki hiyo. Sahihi hiyo ni muhimu. Kukabidhi hakimiliki kwa mdomo hakushiki kisheria, hata kama mlikabidhiana mbele ya padre.

Pili, ukurasa wa pili wa kitabu sasa unasema kwa Kiswahili cha kawaida nani mwenye haki, mwaka gani, msomaji anaruhusiwa nini, haruhusiwi nini, na alipie wapi. Namba ya M-Pesa imo mle mle. Mtu aliyetumiwa nakala bila kununua akaipenda, ana mahali pa kulipa. Zamani hata aliyetaka kulipa hakujua amlipe nani.

Tatu, kila nakala inabeba jina. Mnunuzi akilipa, kijana wa saiba anaandika jina lake na namba ya risiti chini ya kila ukurasa, kwa maandishi mepesi. Hakuna kilichofungwa, mtu anaweza kusoma kwa simu yoyote. Lakini akitaka kutuma kitabu kwenye kundi, anaona jina lake linasafiri nacho. Mwanzoni walitaka kuandika na namba ya simu ya mnunuzi, tukawakataza. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na namba ya mtu si ya kutawanya. Hata jina, mnunuzi anaambiwa kabla ya kulipa kwamba litaandikwa.

La nne ndilo tunaloliona kubwa kuliko mengine. Waliweka bei ya kikundi. Tuseme ukweli: kijijini mtu hasomi kitabu cha kilimo peke yake. Anasoma na kikundi chake, na faili litaenda kwa wenzake hata ukiweka mlinzi na bunduki. Basi sasa kikundi kinalipa shilingi 600 mara moja, nakala inaandikwa jina la kikundi, na wanachama wake wote wanaruhusiwa kuwa nacho. Kilichokuwa wizi kimekuwa biashara. Sura ya kwanza, ya kibanda, wanaigawa bure kabisa ili watu waonje.

Tunajua vikundi vingine havitaki pesa, vinataka mafundisho yafike tu. Hiyo ni haki yao. Wanaweza kuandika kwamba kila mtu anaruhusiwa kusambaza bila kubadilisha na bila kuuza. Zipo leseni zilizoandikwa tayari kwa kazi hiyo, zinaitwa Creative Commons, zilianza kutolewa 2002 na kuzitumia hakulipiwi. Tofauti ni kwamba mwenye mali ndiye aliyeamua kuitoa.

KIKIVUJA TENA

Kitavuja, tusidanganyane. Kabla ya kugombana, piga picha ya skrini inayoonyesha faili, tarehe na kundi lilipotumwa. Soma jina lililo chini ya ukurasa. Mpigie mwenye jina hilo kwa upole, maana mara nyingine ni mtoto aliyeshika simu. Kisha mwombe msimamizi wa kundi alifute na aweke namba ya kulipia. Ukikuta mtu anakichapa na kukiuza sokoni, huyo si wa upole tena. Beba cheti, nakala yako na ushahidi, uende KECOBO. Wana wakaguzi wao, na kuuza nakala za wizi ni kosa la jinai.

Sisi tulifuta faili katika lile kundi letu la watu 180, tukaandika barua ya kuomba radhi, tukaeleza bei mpya. Wanne walijibu kwa hasira wakisema Kanisa limeanza kuuza elimu. Tuliwajibu kwamba Kanisa haliuzi kitu, wanaouza ni akina mama walioandika. Hatujui kama waliridhika.

Hadi tunapoandika, vikundi 14 vimelipa shilingi 600, na watu 9 wamelipa 200. Pamoja na zile nakala 37 za mwanzo, deni la mfuko limebaki shilingi 6,400. Ofisi yetu ililipa 600 kama kikundi, na risiti yetu ni namba 3. Mwalimu ameanza kuandika juu ya mbuzi wa maziwa.