Istilahi za Kamera ya Dijitali na Haja za Mnunuzi

Istilahi isiyotenga jambo na jambo humpotosha mtumiaji, hata ikiwa imeundwa kwa ufundi. Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache za kamera ya dijitali kwa kufuata haja za mtu mmoja, yaani mkazi wa Kilwa Kivinje atakaye kugeuza chumba cha nyumba yake kuwa studio ya picha za vitambulisho, za vyeti na za harusi.

Msamiati wetu wa picha ulikua pamoja na filamu. Mteja alingoja picha "zisafishwe", maana yake filamu ipitishwe katika dawa, kisha picha zichapwe. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, aliunda kamera iliyonasa picha bila filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliandikwa katika kanda ya kaseti kwa sekunde 23. Kamera za aina hiyo hazihitaji dawa, lakini neno "kusafisha" limebaki: wengine hulitumia kwa maana ya kuchapa, wengine kwa maana ya kurekebisha picha katika kompyuta. Kazi hizo ni mbili, na malipo yake ni mawili. Tunapendekeza "kuchapa" na "kuhariri", na "kusafisha" liachiwe filamu.

(a) Pikseli. Hii ni nukta moja ya picha. Megapikseli ni nukta milioni moja. Aghalabu wauzaji huitaja idadi hii kana kwamba ndiyo ubora wenyewe. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji nukta milioni 2 hivi. Ukurasa wa A4 huhitaji milioni 9 hivi. Basi megapikseli 12 zinaitosheleza studio yetu.

(b) Kihisi. Neno hili, kutoka kitenzi "kuhisi", tunalipendekeza kwa kibamba kinachopokea nuru mahali pa filamu. Vihisi vingine vina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35. Vingine 24 kwa 16 hivi. Vya kamera ndogo nyingi 6 kwa 5 hivi. Kihisi kikubwa hukusanya nuru zaidi, na katika chumba chenye dirisha dogo picha haijai chengachenga. Mfasiri anayeandika "ukubwa wa picha" kwa idadi ya pikseli na pia kwa eneo la kihisi humfanya mnunuzi alipie asichokihitaji.

(c) Urefu wa fokasi. Ili kumpiga mtu aliyesimama, katika fremu inayoonyesha kimo cha mita 2, lenzi ya milimita 50 huhitaji umbali wa mita 4 na zaidi kwa kihisi cha 24 kwa 16, lakini chini ya mita 3 kwa kihisi cha 36 kwa 24. Yafaa chumba kipimwe kabla ya lenzi kununuliwa.

(d) Kuvuta. Lenzi huvuta picha kwa vioo vyake. Kile kiitwacho "kuvuta kwa dijitali" hukata sehemu ya katikati na kuikuza, bila kuongeza maelezo yoyote. Hiki kiitwe "kukata na kukuza".

(e) Ukungu. Neno hili lina maana mbili, na katika hewa ya pwani yenye unyevu zote mbili huifikia lenzi. Ukungu wa mvuke hukauka. Ukungu unaoota huharibu kioo. Maelezo ya utunzaji yatumie "mvuke" kwa ule wa kwanza na "kuvu" kwa ule wa pili.

Watumishi wanaoandaa zabuni nao waepuke kifungu "kamera yenye ubora wa juu". Wataje eneo la kihisi, idadi ya pikseli na urefu wa fokasi, kila kimoja kwa jina lake. Walimu na wafasiri wanaombwa wayajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao.