Yanayosemwa Getini: Kweli au Uongo?

Matangazo ya shule ya msingi ni mafupi. Mwalimu Mkuu anaandika tarehe, saa na jambo lenyewe: uandikishaji, kikao cha wazazi, siku ya dawa, chanjo, mtihani, mahafali. Karatasi inabandikwa ubaoni, mtu anaipiga picha na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, na kabla jua halijazama imeshapata nyongeza ambazo Mwalimu Mkuu hakuziandika. "Jamani, mimi nimesikia..." anaanza mmoja, na wenzake wanapokea. Kama una mtoto shuleni, iwe Bukoba au Mtwara, wewe pia umeshasikia. Basi tupite kwenye kalenda ya shule ya Kitanzania, Januari hadi Desemba, tuyapime hayo uliyoyasikia.

"Zamani watoto waliandikishwa kwa kushika sikio. Ujinga mtupu!"

Si kweli. Wazee hawakuwa wajinga hata kidogo. Unakikumbuka kipimo chenyewe, au umesimuliwa: mtoto anasimama wima mbele ya mwalimu, bila kuinamisha kichwa, anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi ili vidole viguse sikio la kushoto. Vikifika, jina linaingia daftarini. Visipofika, arudi mwakani. Vijiji vingi havikuwa na vyeti vya kuzaliwa, na mama alichokumbuka ni kwamba mwanawe alizaliwa mwaka wa njaa au wa mafuriko.

Kilichopimwa pale kina maana. Kichwa cha binadamu hukua upesi utotoni. Mtoto akifika miaka sita, kichwa chake kimeshakaribia ukubwa wa mtu mzima, ilhali mikono bado ina safari ndefu ya kurefuka. Kwa watoto wengi ni karibu na miaka sita au saba ndipo mkono unapofanikiwa kuvuka utosi na kulifikia sikio. Ufilipino nako watoto walipimwa hivyo hivyo, na wataalamu wa Ujerumani wakakiita kipimo cha Kifilipino.

Kasoro yake ilikuwa moja, tena kubwa. Mtoto aliyedumaa kwa lishe duni alikuwa na mikono mifupi, hivyo alirudishwa nyumbani ingawa umri ulishatimia, na yule mrefu wa miaka mitano akapenya. Leo mwalimu anaulizia cheti cha kuzaliwa: miaka mitano kwa darasa la awali, sita kwa darasa la kwanza. Lakini babu akikusimulia habari za sikio, usimcheke.

"Elimu ni bure, kwa hiyo mchango wowote ni wizi."

Nusu kweli. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilishafutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukafuta pia michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Hapo hakuna ubishi. Lakini Waraka Na. 3 wa 2016 uligawa majukumu, na mzazi akabaki na yake: sare, madaftari, na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Ruzuku iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule yenye watoto 800, hata ikipata zote, ina milioni nane za mwaka mzima, humo mna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Piga hesabu mwenyewe.

Lililo kosa ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Mchango ni wa hiari, na Januari 2018 Rais Magufuli aliwakataza walimu kujihusisha na kuukusanya. Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao, uliza mambo mawili kabla hujatoa noti: muhtasari wa kikao kilichopitisha mchango uko wapi, na risiti inatolewa na nani. Mwenyekiti wa kamati ya shule anayekasirika kwa maswali hayo amekujibu tayari.

"Mtoto akizoeshwa mayai na nyama atakuwa mwizi."

Uongo, na ni uongo wa zamani. Hoja hii haikosekani pale chakula cha shuleni kinapojadiliwa: uji na kande vinatosha, vinono vitamharibu. Wenzetu wa Embu, Kenya, walilipima jambo hili vizuri kati ya 1998 na 2000. Shule 12 ziligawanywa mafungu manne. Watoto wa darasa la kwanza katika fungu moja walikula githeri, yaani kande, iliyotiwa nyama. Fungu la pili githeri pamoja na maziwa. La tatu githeri iliyoongezwa mafuta. La nne hawakupewa chakula, ila familia zao zilipewa mbuzi mwishoni. Waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika majaribio ya kufikiri na kutatua mafumbo. Wakati wa mapumziko ndio pia waliochangamka zaidi uwanjani na kuongoza wenzao kwenye michezo. Maziwa, ambayo wengi wetu tungeyawekea dau, hayakuleta tofauti hiyo.

Wizi haukuonekana. Nashuku kwamba kauli hii ilitungwa na mtu aliyetaka finyango libaki kwenye sahani yake.

"Mwalimu yeyote ana ruhusa ya kuchapa."

Si kweli. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni ya kosa kubwa, isizidi viboko vinne, itolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio liandikwe kitabuni. Mzazi anaweza kuuliza habari za kitabu hicho. Nakuahidi utashangaa jinsi kinavyotafutwa.

"Dawa za minyoo na kichocho zinawadhuru watoto. Walizimia, watu waliona!"

Si kweli kwamba dawa hizi ni sumu. Kweli kwamba watoto wengine huona kizunguzungu. Mambo hayo mawili yakichanganywa, shule inaweza kuvamiwa, na ilishatokea. Morogoro, mwaka 2008, zoezi la kugawa dawa ya kichocho shuleni liligeuka vurugu. Watoto kadhaa walizidiwa baada ya kumeza vidonge, habari zikaenda mbio kwamba wenzao wamekufa, wazazi wakamiminika shuleni na zoezi likasimama. Waliochunguza baadaye walikuta tatizo la kawaida kabisa: wazazi hawakuelezwa vya kutosha dawa ni ya nini, inatoka wapi na itamfanya nini mtoto.

Basi tuelezane. Dawa ya kichocho ni praziquantel. Vidonge vyake ni vikubwa na vichungu. Shuleni mtoto hapimwi kwa mizani. Husimamishwa kwenye kijiti kirefu chenye alama, na urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Mwenye sentimita 120 hupata kimoja na nusu, mwenye 145 viwili na nusu. (Naam, kama enzi za sikio, urefu wa mwili bado unatumika badala ya mizani, na hapa unafanya kazi vizuri.) Dawa ikishaingia inaua minyoo wanaoishi kwenye mishipa ya damu. Mtoto aliyekuwa na minyoo wengi ndiye anayesumbuka zaidi siku hiyo: tumbo linakata, kichwa kinazunguka, pengine anatapika. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya saa chache.

Hapo ndipo ushauri mmoja wa getini unapowaponza watoto: "Asile kitu, dawa ifanye kazi vizuri." Uongo, kinyume chake ndicho sahihi. Mtoto ale ashibe kabla ya kumeza. Akimeza akiwa na njaa, kizunguzungu huongezeka, akianguka mmoja wenzake nao wanaanza kuhisi miguu inalegea, na tumerudi Morogoro. Siku ya dawa, uji wa asubuhi ni sehemu ya tiba. Na usiseme kichocho ni ugonjwa wa watu wa mbali. Tanzania hutajwa ya pili Afrika, nyuma ya Nigeria tu, kwa wingi wa wagonjwa, na watoto wanaooga na kuchota maji kandokando ya Ziwa Victoria ndio wa kwanza kuupata.

"Chanjo ya wasichana inafunga kizazi."

Uongo. Hili nalisema bila kulegeza, kwa sababu gharama ya kuliamini ni kubwa. Chanjo ya HPV humkinga msichana dhidi ya virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ndani ya sindano hamna kirusi hai, mna nakala ya gamba lake la protini tu. Mwili unalisoma gamba hilo na kujiandaa. Halina la kufanya kwenye mayai wala mfuko wa uzazi.

Ushahidi tunao wa miaka mingi. Australia ilianza kuchanja wasichana mwaka 2007, Rwanda 2011. Wale wa Kigali waliochanjwa na miaka 12 sasa wamevuka 25, na wengi wao wanalea. Huko Uskoti, utafiti uliotolewa Januari 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hiyo kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Tanzania ilianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu Aprili 2024 dozi ni moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ukiuliza kwa nini wachanjwe wadogo vile, ni kwa sababu virusi huambukizwa kwa kujamiiana, na kinga hutangulia hatari. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe: tiba yake mara nyingi ni kukiondoa kizazi chote, au mionzi.

"Mtoto akienda UMITASHUMTA, masomo basi."

Si kweli. UMITASHUMTA ni mashindano ya michezo ya shule za msingi, na michezo haiui masomo. Mwaka 2010 taasisi ya afya ya CDC ya Marekani ilipitia tafiti 50 kuhusu michezo na masomo shuleni. Takriban nusu ya matokeo yalionyesha michezo inasaidia, karibu nusu nyingine haikuona tofauti, na yaliyoonyesha madhara yalihesabika. Mwache akapige mpira.

"Mtihani wa darasa la saba ni wa kuchagua. Weka C zote, utapita."

Uongo, na kuuthibitisha hakuhitaji profesa. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Maswali mengi ni ya kuchagua, majibu kutoka A hadi E. Anayebahatisha hupata moja kati ya tano. Hata mtihani wote ungekuwa wa kuchagua, bahati ya kawaida ingempa alama 60 kati ya 300, na 60 ni mwisho wa daraja E. Daraja D linaanzia 61! Kwa kuwa yapo pia maswali ya kukokotoa na kuandika jibu, mpiga C atashuka chini zaidi ya hapo.

Tukiwa kwenye mtihani: lile bango la barabarani linalodai shule fulani ilishika nafasi ya kitaifa mwaka jana, lisome ukitabasamu. Tangu matokeo ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani halitangazi shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Nafasi hiyo wenye bango wameipiga hesabu wenyewe.

"Soda na keki za mahafali zinawapandisha watoto wazimu."

Uongo, ingawa najua hutaniamini. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapa wavulana 35 wa miaka mitano hadi saba kinywaji kisicho na sukari hata chembe. Nusu ya akina mama waliambiwa watoto wamekunywa sukari tele. Mama hao wakaripoti kwamba watoto wao hawashikiki. Video ikaonyesha kwamba ni mama wenyewe waliokuwa wakiwaandama na kuwakosoa. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa tafiti nyingi haukuona sukari ikibadili tabia ya mtoto. Watoto wanaruka siku ya mahafali kwa sababu kuna muziki, wageni, nguo mpya, na hakuna hesabu. Bibi aliyekukataza peremende kwa ajili ya meno, yeye alisema kweli, msikilize.

"Darasa la saba linafutwa."

Kweli. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma Februari 1, 2025, inaweka elimu ya msingi kuwa miaka sita, na ya lazima kuwa miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanafika la sita 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia, waliokuwa la nne, wanafika la saba. Madarasa mawili yanamaliza pamoja.

Nyongeza ya getini, kwamba wale wa la sita "watarushwa darasa", si kweli. Mtaala wao umepangwa uishe hapo. Kinachostahili kuulizwa kwenye kikao kijacho, tena mbele ya diwani na mtendaji wa kata, ni hiki: Januari 2028 kata yetu itakuwa na vyumba vingapi vya kidato cha kwanza, na madawati mangapi?