Maghorofa ya West Hendon na Ulinzi wa Bwawa la Welsh Harp

Wengi wetu tukisikia Edgware Road tunafikiria ule upande wa Marble Arch, wenye migahawa ya Kiarabu na maduka ya udi na tende. Lakini barabara hiyo ni ndefu. Ni njia iliyonyooshwa na Warumi, nayo inapanda kaskazini-magharibi kupitia Kilburn, Cricklewood na West Hendon hadi kufika Edgware yenyewe. Ukiwa West Hendon, nyuma ya maduka ya mkono wa kushoto, kuna bwawa pana ambalo wenyeji wanaliita Welsh Harp na ramani zinaliita Brent Reservoir. Kati ya bwawa hilo na barabara yamesimama maghorofa mapya, mengine yakipita ghorofa 20.

Wiki hii nataka kueleza jambo ambalo wakazi wa maeneo hayo huniuliza mara kwa mara, wakiwemo jamaa zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko Kingsbury, Colindale na Burnt Oak: halmashauri ikishatoa kibali cha kujenga nyumba kando ya hifadhi, nani anaangalia kwamba hifadhi haiharibiki? Jibu la kisheria ni halmashauri. Jibu la kweli, kwa sehemu kubwa, ni watu wachache wa kituo cha mazingira na vikundi vya kujitolea, na hao ndio wanaopata fungu dogo kuliko wote.

Bwawa lenyewe si la asili. Lilijengwa mwaka 1834 na 1835 kwa kuziba Mto Brent, ili mifereji ya usafirishaji ya London isikaukiwe maji. Jina la Welsh Harp lilitokana na baa iliyokuwa kando ya Edgware Road, ambayo karne ya 19 ilikuwa kivutio kikubwa cha watu wa mjini siku za mapumziko. Ndege wakaja wenyewe. Kufikia mwaka 1950 bwawa lilikuwa limetangazwa kuwa eneo maalumu la kisayansi, daraja la juu la ulinzi wa mazingira nchini Uingereza, hasa kwa ajili ya ndege wa majini wanaozaliana hapo.

Maarufu kati yao ni kibisi mkubwa mwenye kishungi kichwani. Huyu hajengi kiota chake juu ya mti wala ardhini. Anakusanya majani yaliyooza na vijiti, anavirundika juu ya maji, kisha anavifunga kwenye matete au tawi la mti lililoinamia bwawa. Akitoka kutafuta samaki huyafunika mayai kwa majani yaliyolowa. Makinda yakianguliwa hupanda mgongoni kwa mzazi na kubebwa. Karne ya 19 ndege hawa nusura watoweke Uingereza, kwa sababu manyoya yao yalipamba kofia na nguo za wanawake. Sasa fikiria kiota kama hicho kikipigwa na mawimbi, au mbwa aliyefunguliwa mnyororo akirukia maji mwezi wa Mei. Asubuhi moja inatosha kuharibu msimu mzima wa uzazi.

Upande wa West Hendon palikuwa na mtaa wa nyumba za halmashauri uliojengwa miaka ya 1960. Halmashauri ya Barnet iliamua kuubomoa na kuujenga upya kwa ubia na kampuni binafsi na chama cha makazi, na mwaka 2013 ikapitisha mpango wa nyumba takriban 2,000, zaidi ya maradufu ya zile zilizokuwapo. Wakazi kadhaa walipinga, na mwanzoni mwa mwaka 2015 uchunguzi wa hadhara ulisikiliza hoja kuhusu kuchukuliwa kwa nyumba zao kwa lazima. Vyombo vya habari vilizungumza sana kuhusu haki za wapangaji, na ilistahili. Bwawa lilizungumzwa kidogo.

Hapa kuna ugumu ambao mgeni haoni. Kusini mwa West Hendon, kuanzia Kilburn hadi Staples Corner, Edgware Road ndiyo mpaka wa manispaa. Ikifika bwawani mpaka unaiacha barabara na kukata majini: sehemu iko Barnet, sehemu iko Brent. Maji ni mali ya Canal & River Trust, shirika la hisani linalosimamia mifereji. Natural England, taasisi ya serikali, ndiyo inayoshauri kuhusu eneo la kisayansi. Kwa miaka mingi halmashauri mbili zimekuwa na kamati ya pamoja ya mashauriano kuhusu Welsh Harp, lakini kushauriana si kuamua. Barnet ndiyo iliyotoa kibali cha maghorofa na ndiyo inayopokea michango ya mjenzi. Kituo cha elimu ya mazingira, ambako watoto wa shule huenda kuchota maji ya kidimbwi na kuhesabu wadudu, kiko Birchen Grove, upande wa Brent. Faida inaingia kwenye hazina moja, mzigo unaanguka kwenye nyingine.

Kibali chenyewe kinapatikana hivi. Ombi kubwa likifika, maofisa wa mipango miji wanaandika ripoti, umma unapewa angalau siku 21 kutoa maoni, kisha kamati ya madiwani inapiga kura. Mradi wa nyumba 150 au zaidi hupelekwa pia kwa Meya wa London. Pakiwa na eneo la kisayansi jirani, ni lazima Natural England iulizwe. Usiku wa kura ukumbi hujaa, mabango hunyanyuliwa, na kesho yake watu hurudi kwenye shughuli zao wakidhani mambo yamekwisha.

Ulinzi wa hifadhi haumo kwenye kura hiyo. Umo kwenye karatasi zinazofuata. Karatasi ya kwanza ni masharti ya kibali: taa za ujenzi zielekezwe wapi, kazi zenye kelele zisimame miezi gani, maji ya mvua yaende wapi, mimea gani ipandwe ukingoni. Kila sharti linahitaji mjenzi arudi na maelezo, na ofisa ayakubali. Maombi hayo ya kutimiza masharti huwekwa hadharani moja moja, na kwa uzoefu wangu hayasomwi na karibu mtu yeyote. Karatasi ya pili ni mkataba wa kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 1990, ambamo mjenzi anaahidi fedha au kazi, mara nyingi kwa vipimo vya hatua: kabla nyumba ya idadi fulani haijakaliwa, jambo fulani liwe limekamilika. Mpango wa West Hendon ulikuwa na ahadi za namna hiyo, yakiwemo madaraja mapya ya waenda kwa miguu. Anayepafahamu Cool Oak Lane, lile daraja jembamba la matofali ambapo magari hupita kwa zamu, anajua kwa nini.

Karatasi ya tatu ni tozo ya miundombinu ya jamii, inayotozwa kwa kila mita ya mraba ya jengo jipya. Angalau asilimia 15 ya tozo hiyo inatakiwa kutumika kwa mambo ambayo jamii ya eneo hilo imeyataka. Hili wengi hawalijui. Vikundi vya mtaa vinaweza kuomba.

Shida kubwa ni kwamba halmashauri ina macho machache. Maofisa wa usimamizi wa vibali ni haba, na sheria inawapa hiari ya kuchukua hatua, haiwalazimishi. Kwa kawaida hawatoki ofisini mpaka mtu alalamike. Na ili mtu alalamike ni lazima awe amesimama ukingoni, ajue jana palikuwaje na leo pakoje. Ndiyo maana nasema kituo cha mazingira ni chombo cha usimamizi kama zilivyo kamati. Welsh Harp Conservation Group, kikundi cha wajitolea kilichoanzishwa mwaka 1972 wakati eneo hilo lilipotishiwa na ujenzi, kimekuwa kikihesabu ndege na kutunza majukwaa yanayoelea ambayo buabua hutagia mayai. Bila hesabu hizo, ofisa wa Natural England angetumia nini kusema hali imezorota?

Chukua suala la maji machafu. Mto Brent na kijito cha Silk Stream hukusanya maji ya mvua kutoka vitongoji vingi vya kaskazini mwa London na kuyamwaga bwawani pamoja na chupa, mifuko na mafuta ya barabarani. Fundi bomba akiunganisha vibaya mashine moja ya kufulia, povu lake linaingia kwenye bomba la maji ya mvua badala ya bomba la maji taka, na kutoka hapo linakwenda moja kwa moja hadi kwa kibisi. Kosa hilo halionekani kwenye mchoro wowote wa ofisini. Huonekana na mwalimu anayewapeleka watoto kidimbwini na kukuta maji yamebadilika rangi.

Kituo cha Birchen Grove kiliendeshwa miaka mingi na Brent yenyewe. Bajeti za halmashauri zilipobana, uendeshaji ukapewa Thames21, shirika la hisani la kutunza mito ya London. Nalishukuru shirika hilo, lakini mpango huu una udhaifu. Mashirika ya hisani huishi kwa ruzuku, na ruzuku hupenda vitu vinavyoweza kuzinduliwa: ukumbi, ubao, njia ya mbao. Mshahara wa mtu wa kushinda pale Jumatatu hadi Ijumaa kwa miaka 20 haupati mfadhili kwa urahisi, na mikataba mingi ya kifungu cha 106 ina kasoro hiyohiyo.

Sheria mpya imeleta afadhali. Tangu tarehe 12 Februari 2024, miradi mikubwa nchini England inatakiwa kuongeza bayoanuwai kwa asilimia 10, na maboresho hayo yatunzwe kwa miaka 30. Ila haigusi vibali vilivyoombwa kabla ya hapo, wala marekebisho ya vibali hivyo. Mradi wa West Hendon, wenye kibali cha mwaka 2013, umo kwenye kundi hilo la zamani, na ulinzi wake unategemea masharti yake ya awali.

Nisieleweke kwamba napinga nyumba. Mpango wa London wa mwaka 2021 uliitaka Barnet ijenge nyumba 23,640 na Brent 23,250 katika miaka 10, na kila anayeishi na watoto watatu kwenye chumba kimoja cha muda anajua takwimu hizo si porojo. Familia zinazohamia kwenye ghorofa hizo zina haki ya kwenda kutembea kando ya maji. Kwa hiyo ni lazima awepo mtu wa kuwaeleza kwa nini mbwa afungwe wakati wa viota, na mtu huyo alipwe kutokana na fedha za nyumba zilezile zilizoleta msongamano.

Nairobi nayo ilipitia njia hiyo ya kutafuta fedha za kulinda hifadhi, kwa gharama kubwa zaidi. Msitu wa Karura ulinusurika ugawaji wa viwanja kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999. Lakini uliokoka kabisa pale Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipoiruhusu jamii kushiriki katika usimamizi, na viingilio vya wageni vikaanza kulipia uzio na walinzi. Mapambano yaliuokoa msitu mara moja; tangu hapo umelindwa na fedha za kila mwezi na watu wa kila siku.

Welsh Harp inahitaji chombo kimoja cha Barnet na Brent chenye mamlaka ya kuamua na mfuko wake, ambamo sehemu ya michango ya ujenzi wa pande zote mbili iingie bila kujali mpaka unapita wapi. Hilo halihitaji sheria mpya; linahitaji madiwani wa pande mbili wakubaliane.

Wewe unayeishi jirani unaweza kuanza mwaka huu. Kila halmashauri inawajibika kutoa taarifa ya fedha za miundombinu kabla ya tarehe 31 Desemba, ikionyesha ilichokusanya kwa wajenzi na ilichotumia. Ifungue ya Barnet na ya Brent, tafuta jina la Welsh Harp, uangalie fedha zimekwenda kwenye nini. Kisha mwandikie diwani wako umwulize ni kiasi gani kimelipa mshahara wa mtu wa kituo. Maswali ya wakazi hupokelewa kwenye mikutano ya halmashauri, na jibu huandikwa kwenye kumbukumbu.