Hataza za Nortel: vita vya simu za mkononi na wastaafu waliosubiri

Tarehe 11 Julai mwaka 2011, jaji mjini Toronto nchini Kanada na mwenzake mjini Wilmington, Marekani, waliidhinisha mauzo yenye thamani ya dola za Marekani bilioni 4.5. Kilichouzwa hakikuwa kiwanda wala mtambo, bali hataza na maombi ya hataza yapatayo 6,000, mali ya mwisho yenye thamani kubwa ya kampuni ya Nortel iliyokuwa imefilisika.

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Haimlazimishi mwenye nayo kutengeneza chochote. Anaweza kuikodisha, kuiuza, au kuiweka kabatini hadi siku ya kumshitaki mpinzani wake. Simu moja ya kisasa imebeba uvumbuzi wa maelfu ya watu, kuanzia namna inavyowasiliana na mnara hadi namna kioo chake kinavyoitikia mguso wa kidole, na hakuna mtengenezaji awezaye kudai kuwa vyote ni vyake.

Kampuni ya RIM ya Waterloo, magharibi mwa Toronto, iliyotengeneza simu za BlackBerry, ililitambua hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Machi mwaka 2006 ililipa dola milioni 612.5 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na NTP, kampuni ya Marekani ambayo haikuwa ikitengeneza simu hata moja.

Nortel, ambayo historia yake ilianzia mwaka 1895, iliwahi kuwa fahari ya Kanada. Katika mwaka 2000 hisa zake pekee zilikuwa zaidi ya theluthi moja ya thamani ya soko zima la hisa la Toronto. Tarehe 14 Januari mwaka 2009 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Vitengo vyake viliuzwa kimoja baada ya kingine. Kitengo kikubwa cha mitambo ya simu za mkononi kilinunuliwa na Ericsson kwa dola bilioni 1.13. Makaratasi ya wahandisi, kama ilivyodhihirika baadaye, yalikuwa na bei mara nne ya hiyo.

Mnada wa hataza ulifanyika New York kwa siku nne. Google, ambayo mfumo wake wa Android ulikuwa ukiandamwa na kesi huku yenyewe ikiwa na hataza chache, ndiyo iliyotangulia kutoa bei, dola milioni 900. Iliripotiwa kwamba baadaye ilitaja dola bilioni 3.14159, yaani tarakimu za pai azijuazo kila mwanafunzi wa hisabati. Ulikuwa mzaha wa ghali. Walioshinda ni muungano wa Apple, Microsoft, Sony, Ericsson, EMC na RIM. Apple na RIM, mahasimu wakubwa sokoni, waliketi upande mmoja.

Mwezi Agosti mwaka huo Google ilitangaza kuinunua Motorola Mobility kwa dola bilioni 12.5, hataza zikiwa miongoni mwa sababu kuu. Mwezi Oktoba mwaka 2013 Rockstar, kampuni iliyoundwa na washindi wa mnada, iliwashitaki Google, Samsung, Huawei na wengineo huko Texas. Vita hivyo vilipoa mwezi Desemba mwaka 2014, pale hataza zipatazo 4,000 zilipouzwa kwa kampuni ya RPX kwa dola milioni 900.

Fedha za mnada, hata hivyo, zilikuwa bado zimezuiliwa. Matawi ya Nortel ya Kanada, Marekani na Ulaya yaligombania dola bilioni 7.3, hataza zikiwa zaidi ya nusu yake. Kesi ilisikilizwa mwaka 2014 katika mahakama za Toronto na Wilmington kwa wakati mmoja, zikiunganishwa kwa video, na gharama za wanasheria zilipita dola bilioni moja. Wakati huohuo wastaafu wa Kanada walipunguziwa pensheni, na wafanyakazi waliokuwa wagonjwa au walemavu walikatiwa mafao yao mwishoni mwa mwaka 2010. Baadhi ya waliosubiri walikuwa wahandisi wa kampuni hiyohiyo.

Suluhu ilifikiwa mwezi Oktoba mwaka 2016, ikiipa Kanada asilimia 57 ya fedha hizo. Wadai walianza kulipwa mwaka 2017.