Kiimbo hubeba maana katika Kiingereza

WANAFUNZI wengi wa Nyeri, Karatina na Nyahururu hulelewa katika Kikuyu, lugha ya toni ambamo kupanda au kushuka kwa sauti hutofautisha maneno. Kiingereza hutumia mkazo katika neno na kiimbo katika sentensi.

Neno ‘present’ likitiwa mkazo mwanzoni ni zawadi. Mwishoni, ni kitenzi cha kuwasilisha. Vilevile, “You are ready” ni taarifa sauti ikishuka mwishoni. Ikipanda, ni swali. Hata hivyo, maswali yanayoanza kwa ‘where’ au ‘why’ kwa kawaida hushuka.

KCSE hupima stadi hizi kwa maandishi katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza. Mwanafunzi asikariri kanuni pekee. Asome kwa sauti, kwani mbele ya mwajiri atajibu kwa kinywa, si kwa kalamu.