Kahawa ya Tshopo na Kikaango cha Nyumbani

Mto Lomami huanza mbali kusini, katika nchi ya Katanga, hupita misituni safari ndefu, na mwisho humwaga maji yake katika Mto Kongo penye Isangi, jimbo la Tshopo. Wanafunzi wetu hulisoma jambo hilo katika jiografia. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba jina la mto huo limo pia katika historia ya kahawa ya dunia. Karibu na mwaka 1900, mbegu za mbuni wa mwituni zilichukuliwa kutoka mabonde ya Lomami na Sankuru, zikasafirishwa hata Brussels, na huko kampuni ya Linden, iliyouza miche, ikazitangaza kwa jina la robusta, yaani yenye nguvu.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Tangu mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa ukiangamiza mashamba ya kahawa ya arabika katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, hata wakulima wa huko wakaiacha kahawa na kupanda chai. Mwaka 1876 ugonjwa ukaonekana Java. Waholanzi waliotawala kisiwa hicho wakajaribu kahawa ya namna nyingine, wakashindwa. Mnamo mwaka 1901 wakapokea miche ya robusta kutoka Brussels, wakaipanda, nayo ikasimama pale arabika ilipoanguka. Wakaichagua, wakaizidisha, na baada ya miaka michache mbegu za Java zikarudi Kongo zilikotoka, kama mtoto aliyeondoka nyumbani bila viatu akarudi amevaa kanzu.

Mwaka 1933 serikali ya Wabelgiji iliunda chuo kikubwa cha kuchunguza kilimo, INEAC, na makao yake yakawekwa Yangambi, ukingoni mwa Mto Kongo, yapata kilomita 100 chini ya Kisangani. Huko Yangambi, na katika shamba la majaribio la Lula karibu na mji, wataalamu walihesabu matunda ya kila mbuni, wakapima punje, wakaoanisha mti na mti. Kazi hiyo haikufa kabisa. Chuo sasa chaitwa INERA, na katika miaka ya karibuni wataalamu wa Kikongo pamoja na wenzao wa Bustani ya Mimea ya Meise, Ubelgiji, wamekuwa wakiitunza upya mikusanyo ya mibuni ya Yangambi na kuichunguza ile inayoota yenyewe msituni. Ndiyo, msomaji mpenzi: katika misitu ya Tshopo mbuni wa robusta ni mwenyeji, wala si mgeni aliyeletwa.

Leo katika kila mifuko kumi ya kahawa iuzwayo duniani, yapata minne ni robusta. Vietnam ndiyo inayozaa nyingi kuliko nchi zote. Katika Afrika ni Uganda. Watu wenye kuchagua sana hupenda kusema ya kwamba robusta ni kahawa ya daraja la chini, na ya kwamba arabika ya milimani, kama ile ya Kivu, ndiyo kahawa ya waungwana. Hawajui nasaba. Wataalamu wa mimea wamethibitisha ya kwamba arabika yenyewe ilizaliwa kwa kuchanganyika kwa mibuni ya aina mbili, na mmoja wa wazazi hao wawili ni robusta. Mtoto amepanda mlima, sasa anamcheka mzazi aliyebaki bondeni!

Basi, tuulize swali la nyumbani. Mtu wa Kisangani anapotaka kahawa asubuhi, hunywa nini? Mara nyingi hununua mkebe au kipakiti cha unga uyeyukao majini, uliotengenezwa ng'ambo. Na unga huo, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa kwa robusta. Yaani buni hutoka vijijini zikiwa mbichi, hushuka mtoni ndani ya mashua za mbao au huelekea mashariki kwa njia ya Bafwasende. Kisha watu wa nchi nyingine huzikaanga, huzisaga, huzitia katika mkebe wenye picha nzuri, na mkebe hurudi katika soko letu. Mkulima aliyezichuma hulipwa mara moja tu, na malipo yake ndiyo madogo kuliko yote.

Zamani nchi iliuza nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kongo, iliyoitwa wakati ule Zaire, ilitoa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa robusta. Baadaye mavuno yalishuka hata karibu na sehemu moja ya kumi. Sababu zilikuwa nyingi, na zilifuatana kama mawimbi. Mnamo Novemba 1973 mashamba ya wageni yalitwaliwa, mengi yakapewa watu wasiojua kilimo. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya nchi zilizouza na kununua kahawa yalivunjika, bei ikaanguka vibaya. Ugonjwa wa kunyauka, uletwao na kuvu inayoziba mishipa ya mti, ulitokea tena kaskazini, pande za Isiro, ukaua mibuni bila idadi, na mwaka 1993 ukaonekana hata Uganda. Halafu vita. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, na wakazi wakafa katika nyumba zao. Nani angekwenda kupalilia kahawa?

Mwaka 2024 bei ilipanda. Mwezi wa Septemba mwaka huo robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Ilikuwa habari njema, lakini sisi hatushauri mtu kuiegemea. Bei ya London hupanda kwa sababu mvua haikunyesha Vietnam, nayo hushuka kwa sababu imenyesha. Mkulima wa Banalia au Opala hana neno katika shauri hilo. Afadhali awe na mguu wa pili wa kusimamia.

Ili kuuona mguu huo, na tuifuate njia ya zamani ya misafara. Lugha hii tunayoiandika ilifika maporomoko ya Wagenia pamoja na wafanyabiashara wa Tippu Tip, yule aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na ilifika pamoja na uovu mkubwa wa utumwa. Tuirudi njia hiyo kwa amani, hata Unguja. Katika Mji Mkongwe wanaume huketi barazani jioni, na mwuza kahawa huja na mdila wake wa shaba wenye makaa chini yake. Mkono mmoja huchukua mdila, mkono wa pili huligonganisha rundo la vikombe vidogo visivyo na mkono, kli, kli, kli, na mtu aliye ndani ya nyumba hujua ya kwamba kahawa imefika. Hunywa kahawa chungu, labda yenye tangawizi au hiliki, na huitafuna kashata ili kuupoza uchungu. Mambo ya siasa, mpira na harusi huamuliwa hapo.

Tutazame vema kazi ya mtu huyo. Hana kampuni kubwa nyuma yake. Buni hukaangwa chomboni, hutwangwa kinuni au husagwa kwa mashine ndogo, huchemshwa, huuzwa siku ile ile. Mali yake yote ni mdila, vikombe, makaa, na jina lake. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa maana baraza haisahau. Siku akichanganya kahawa na mahindi yaliyoungua ili apate faida, walevi wa kahawa watatambua kwa funda la kwanza, na kesho watamwita mwingine. Tangu Lamu na Mombasa hata Dar es Salaam wako watu wa namna hiyo, kila mmoja na wateja wake, nao wamedumu vizazi vingi.

Ethiopia ni mfano mkubwa zaidi. Karibu nusu ya kahawa ya nchi hiyo hunywewa na wananchi wenyewe. Katika nyumba za huko mama huosha buni, huzikaanga mbele ya wageni, huupitisha moshi wake ili kila mmoja anuse, kisha hutwanga na kumimina. Addis Ababa iko pia mikahawa inayokaanga kahawa yake yenyewe. Ule wa Tomoca umefanya hivyo tangu mwaka 1953. Bei ya ulaya ikianguka, Ethiopia huumia kama wengine, lakini mnunuzi mmoja hakimbii kamwe, naye ni jirani. Watu wa kazi hii wanajua kwamba wakikaa mbalimbali watashindwa. Mwaka 2000 walianzisha chama cha kahawa bora za Afrika Mashariki, chenye makao Kampala, kiitwacho leo African Fine Coffees Association, ambamo wakulima, wakaangaji na wenye mikahawa hukutana, huonja, na kushindanisha kahawa za nchi zao.

Turudi Tshopo. Je, kukaanga ni kazi ya mitambo tu? La. Lakini kahawa mbaya haiponywi na moto, basi kazi huanza shambani. Robusta imeharibiwa jina na wachumaji wavivu wanaokamua tawi zima, matunda mabichi pamoja na mabivu, na kuyaanika juu ya udongo. Kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi. Tunda lililolala chini siku tatu hushika ukungu, na ukungu ni ladha mbaya na tena ni sumu. Yachumwe yale mekundu peke yake. Yaanikwe juu ya uchaga wa matete, yageuzwe mara nyingi kila siku, yafunikwe wingu linapotanda, hata punje zikauke kabisa na kulia ukizitikisa kiganjani.

Kikaango kiwe kizito, na moto uwe wa wastani. Buni zitiwe chache, nazo zikorogwe bila kuacha hata kidogo. Asiyeweza kukoroga robo saa bila kuzungumza na jirani, asianze. Kwanza rangi ya kijani hugeuka manjano na harufu yake ni ya nyasi, halafu ya mkate. Kisha huja kahawia, na punje huanza kupasuka kwa mlio kama mahindi ya bisi. Joto limefika sasa karibu nyuzi 200. Mlio ukiisha, subiri kidogo, ukaepue kabla hazijawa nyeusi na kutoa mafuta. Wengi huziunguza wakidhani weusi ndio nguvu. Nguvu ya robusta tayari imo ndani: kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika, na anayeiunguza huongeza ladha ya makaa tu. Zimwagwe katika ungo zipepetwe upesi, makapi yaruke na joto litoke. Zikae siku moja katika chombo kilichofungwa. Zisagwe kwa kiasi cha kuuzwa, kwa sababu unga hupoteza harufu yake haraka.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Kilo moja ya buni mbichi, ikikaangwa, hupoteza maji na kubaki yapata gramu 800. Kikombe kidogo chataka gramu 10. Vikombe vingapi? Themanini. Andika bei anayolipwa mkulima wa kijiji chenu kwa kilo, andika bei ya kikombe kimoja mjini mara 80, kisha toa makaa, sukari, maji, nauli ya mizigo na kodi ya soko. Kitakachobaki mkionyeshe baba na mama nyumbani. Wao watajua kukihukumu kuliko sisi.

Hatusemi ya kwamba ni rahisi. Ulimi uliozoea unga wa mkebe wenye sukari nyingi hauigeukii kahawa ya kinu siku moja, na mama mmoja mwenye kikaango kimoja hawezi kutosheleza hata mtaa mmoja wa Makiso. Lakini wawili watatu wakiafikiana, mmoja akanunua buni Yangambi, mwingine akakaanga, mwingine akasimama penye baiskeli za toleka alfajiri na chupa yake ya moto, tayari kuna mkahawa, hata kama hauna paa. Waafikiane pia juu ya kipimo kimoja na rangi moja ya kukaanga, ili mnywaji akutane na ladha ile ile Mangobo na Tshopo mjini.

Wengine watauliza: buni zitoke wapi, nasi mashamba ya babu yamekuwa vichaka? Mbuni wa zamani ambao haukunyauka haujafa. Ukatwe kwa msumeno kiasi cha goti kutoka ardhini, kwa mshazari ili mvua isitulie juu ya kisiki, na tawi moja liachwe kwanza liulishe mti. Machipukizi yatakuja mengi; yabakizwe matatu au manne yenye nguvu. Wala mtu asibakize mti mmoja peke yake bustanini, maana ua la robusta halijitungishi lenyewe bali lahitaji chavuo la mti mwingine. Mti ulionyauka ung'olewe na kuchomwa pale pale, na panga lililoukata lisafishwe kwa moto kabla ya kugusa mwingine. Kisiki kilichokatwa vema huanza kuzaa tena katika mwaka wa pili au wa tatu.